Kompyuta Haikuja Msibani

Sogea karibu nikueleze, maana jambo hili nikilikumbuka peke yangu hasira inanipanda upya.

Mimi ni muuguzi wa macho huku Karagwe. Shangazi yangu, mkulima wa kahawa kutoka Bugomora, alikuwa amebakiwa na jicho moja. Lile lingine kisukari kilishalizima. Hilo lililobaki nalo retina yake, yaani utando wa nyuma unaopokea mwanga, ilikuwa imevimba. Dawa yake ni sindano ya jicho kila mwezi. Ya kwanza alichomwa. Ya pili hakuja. Shemeji yake alikuwa amefariki, na kwao mfiwa hatoki nyumbani wala hashiki jembe mpaka matanga yaondolewe.

Aliporudi, daktari alinigeuzia kompyuta. Programu ilisema sindano hazitamfaa.

"Dawa ni chache," akasema. "Tumpe atakayenufaika."

Nikueleze taratibu. Programu ile imeonyeshwa picha za macho ya wagonjwa wengi na kuambiwa nani alipona, nani hakupona. Ikiletewa jicho jipya, inalinganisha na kukisia. Lakini haitazami picha tu. Inaangalia pia nani anakosa miadi, kwa kuwa wengi wanaokosa huishia vibaya. Basi msiba wa shangazi ikausoma kama ugonjwa.

"Inasemaje?" shangazi akaniuliza.

"Inasema hukuja, kwa hiyo hutapona."

"Kwani yenyewe ilikuja msibani? Mbona sikuiona ikichota maji?"

Daktari akacheka. Mimi nikaisogelea kompyuta.

"Daktari, naomba uweke picha ya siku ya kwanza kando ya picha ya leo."

Akaziweka. Uvimbe ulikuwa umepungua waziwazi, kwa sindano moja tu! Picha zote mbili zilikuwamo humo humo, ila hakuna aliyejisumbua kuzitazama.

Alichomwa siku ile ile, na hakukosa tena. Hadi leo anachuma kahawa mwenyewe, na anaijua iliyoiva kwa kuitazama. Hasira yangu haijaisha. Wangapi wa kule Kibingo na Kiruruma walirudishwa nyumbani kwa kosa la kuzika ndugu zao, na hawakuwa na mtu wao ndani ya chumba kile? Programu naitumia kila siku, inasaidia. Lakini inakisia tu. Anayeamua ni mtu, na mtu huyo ana macho.

Kwa hiyo ukiambiwa kompyuta imesema dawa haitakufaa, usiinuke kwenye kiti. Taja sababu ya kila miadi uliyokosa, kisha omba uonyeshwe picha ya kwanza na ya leo, zikiwa pamoja.