Ukoka wa Kiwanja cha Ndege

Bujiku alihamia Usangu kutoka Usukumani akiwa na ng'ombe kumi na wanane. Ndigana, ile homa ya kupe, ikawamaliza wote kwa msimu mmoja. Ndipo misheni moja karibu na Rujewa ilipompa fyekeo na kazi ya kutunza nyasi za kiwanja kidogo ambako ndege ya daktari ilitua kila mwezi.

Upande wa kusini ardhi ilikuwa na chumvi. Alipanda ukoka, ukafa. Akapanda tena, ukafa. Lakini alikuwa mchungaji, na macho yake yaliona kwamba katika bonde moja la malisho ukoka ulibaki kijani hata Oktoba. Akachimba udongo wa pale pamoja na mizizi, akatia konzi moja katika kila shimo. Safari hii ulishika. Hata ukame wa mwaka sabini na nne haukuuweza.

Gideoni, bwana shamba kijana kutoka Mbeya, alipita siku moja, akasimuliwa habari ya udongo wa bondeni, akang'oa mche, akautazama kwa kioo cha kukuzia.

"Mzee, hukuleta udongo mtupu. Humu mna viumbe hai wadogo, jamii ya kuvu. Wameshikana na mizizi, wanaisaidia kunywa maji na kuvumilia chumvi."

Jioni ile Bujiku alimwambia mkewe, Mbuke, kwamba amepata mifugo mingine. Mbuke alicheka mpaka akaketi chini.

Mwaka uliofuata ikaja habari kwamba mgeni mkubwa atatua pale. Trekta likaletwa kusawazisha kiwanja. Bujiku alisimama mbele yake mikono juu.

"Ukipindua udongo kwenye jua hili, utawaua!"

"Nitamuua nani, mzee? Sioni mtu hapa," dereva alijibu, akakanyaga mafuta.

Udongo ulilala umepinduliwa wiki tano juani, ukoka ukafa. Mgeni hakuja. Bujiku alichukua kikapu akakimbilia bondeni, akakuta limelimwa lote na kujazwa maji, mpunga umepandwa. Udongo ule haukuwepo tena.

Alisikia Gideoni amehamishiwa Iringa. Akapanda lori, akamtafuta siku mbili, akampata mtaa wa Kihesa.

"Bwana shamba, nipe wale viumbe. Hata kopo moja."

"Sina, mzee wangu. Niliandika ripoti, sijajibiwa mpaka leo. Siku hizi nimepewa kazi ya mbegu za mahindi."

"Basi niende wapi?"

Gideoni alitazama viatu vyake.

Bujiku alirudi akapanda ukoka wa mtoni. Ukawa manjano, ukanyauka. Masika yalipofika, kiwanja kikageuka tope. Ndege ya daktari ilizunguka juu mara tatu, ikaelekea Mbeya bila kutua. Mama mmoja aliyempakata mwanawe mwenye homa alimsogelea.

"Baba, itarudi saa ngapi?"

"Haitarudi, mama," alisema.

Mtoto yule alizikwa Alhamisi. Bujiku alikwenda kuchimba kaburi pamoja na wanaume wengine. Baadaye misheni iliifuta safari ya ndege. Mbuke alimsihi warudi kwao.

"Baba Ngolo, hapa tumebakiza nini?"

Kila asubuhi Bujiku alikwenda kiwanjani, akachimba mashimo katika ardhi ile nyeupe kwa chumvi, akapanda ukoka akijua hautashika.