Riwaya ya Marafiki Wawili na Mbuzi wa Nyuma ya Jiko

Riwaya ile ilinichosha tangu kurasa za mwanzo, na bado niliisoma yote. Binti wa dada yangu, anayesoma chuo hapa Butembo, aliniachia dukani juu ya vitenge, akasema, "Tantine, soma hii. Utalia." Sikulia. Sina nguvu ya kuwalilia watu wasio na shida.

Ni kitabu cha Kifaransa, jalada limekwisha kutoka. Mwanamume na mwanamke ni marafiki tangu utotoni. Kila msomaji anaona wanapendana, wao hawaoni. Wanakunywa kahawa, wananuniana, wanapatana, wananuniana tena. Mwishoni mwanamke anakimbia mpaka uwanja wa ndege kumzuia mwenzake asisafiri. Hapo nilicheka peke yangu. Kwetu mtu akisafiri unaomba tu afike.

Kilichoniudhi ni ule muda wao. Wanakaa dirishani wakijiuliza moyo unasema nini, hakuna anayewaita jikoni. Mimi nikitoka dukani nampikia baba, nachota maji, na moyo wangu unasubiri zamu yake kama wengine. Lakini kuna ukurasa ulionishika. Mwanamume anajua rafiki yake amechoka kwa kusikia tu anavyoweka funguo mezani. Nilifunga kitabu, maana mtu wa namna hiyo ninaye.

Ni rafiki yangu tangu shule ya msingi huko Beni, kabla ya vita kutusukuma huku. Ananunua kakao upande wa Eringeti na kushuka nayo kwa lori. Akifika dukani haniulizi habari. Ananitazama, anavuta kiti, anaanza kukunja vitenge ambavyo wateja wamevivuruga. Watu wa soko wanatutania hadi wamechoka, na mimi nimechoka kuwajibu.

Nampenda. Naandika wazi, sitaki kumzungusha msomaji kama mwandishi yule. Nampenda, na sikuwahi kumwambia, kwa sababu ya mbuzi.

Anapanga chumba kimoja kisicho na ua. Basi mwaka jana alianza kuleta mbuzi kwetu, mmoja baada ya mwingine, kila kakao ilipomlipa vizuri. Anamshusha, anamsalimu baba kwa heshima zote, anamfunga mbuzi nyuma ya jiko. Siku ya kwanza nilimuuliza.

"Hii mbuzi ni ya nini?"

"Ya mahari," alisema, akiangalia viatu vyake.

Sikuuliza tena. Kwetu mahari ni mbuzi, hilo kila mtu analijua. Lakini mbuzi wa mahari huletwa na wazee wa upande wa mwanamume, watu wamevaa, wanawake wamepika. Hawaachwi nyuma ya jiko kama magunia. Nikaelewa kwamba ninamtunzia rafiki yangu mbuzi wa mwanamke mwingine, labda wa Kamango, maana siku hizo alikuwa haishi kwenda huko. Nikawakatia majani. Mvua ikinyesha niliwaingiza ndani nikiwatukana, na wivu wangu niliumalizia kwao.

Nilipofika ukurasa wa mwisho wa riwaya, nilijiona mjinga. Mwanamke yule wa kitabu, pamoja na upuuzi wake wote, alikuwa amefanya kitu. Jumamosi sikufungua duka. Niliwafungua mbuzi wote, nikashika kamba, nikaanza kuwavuta kuelekea mlango wa ua. Niliamua kuwarudisha kwake. Mwenye nyumba yake angepiga kelele, hiyo ingekuwa shida yao.

Baba alikuwa ameketi kando ya mlango.

"Unapeleka mbuzi yangu wapi?"

"Baba, ni za ule rafiki yangu. Anatafuta kuoa."

"Ni zangu. Alishaka kunipatia. Shangazi yako hakukuambiaka?"

Shangazi alifariki Beni msimu wa mvua uliopita. Kwetu baba hazungumzi ndoa na binti yake uso kwa uso. Hiyo ni kazi ya shangazi. Mama hayupo siku nyingi. Rafiki yangu alikuwa amefuata njia ya heshima. Alikwenda kwa baba, akamweleza kwamba wazee wake vita vimewatawanya, akaomba alete kidogokidogo. Baba akakubali, akampa shangazi ujumbe anifikishie. Ujumbe ukazikwa naye. Tangu hapo baba aliona aibu kunigusia, na rafiki yangu aliona kuniambia yeye mwenyewe ni kumruka mzee. Kila mmoja alidhani ninajua na ninanyamaza kwa adabu.

Nilimpigia rafiki yangu simu nikiwa bado nimeshika kamba. Alikuwa njiani, kwenye kizuizi cha askari, akingoja lori lao liruhusiwe kupita.

"Mbuzi ni za nani?" niliuliza.

"Za kwenu. Mais, lakini ulikuwa unajua, hapana?"

"Nani aliniambia?"

Nilikuwa na hasira, na furaha.

"Donc, basi unakubali?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana kwa simu. Kuja uniulize hapa."

Alifika siku ya pili mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Alimsalimu baba, akaketi sebuleni mbele yangu, akafungua mdomo, akausugua uso kwa viganja. Nilikwenda kumletea maji. Niliporudi alikuwa amelala, kichwa kimeegemea ukuta. Baba alichungulia mlangoni akanionyesha kwa mkono nimwamshe. Nilikataa. Niliketi na glasi ya maji mkononi, nikamngoja aamke. Jibu nilikuwa nalo tangu zamani, lakini nilitaka kuulizwa.