Nani Alifuta Misalaba ya Chaki?

Mlango wa chumba changu ulijifunga mchana kweupe. Hauna kufuli. Hauna komeo.

Na ndani alikuwemo mke wangu.

Tulia nikueleze, hasa kama una fundi nyumbani.

Mimi ni Ndayisaba, fundi wa parke, zile sakafu za vipande vya mbao. Shule niliiacha darasa la nne, lakini mbao naisoma. Naipima uzito kiganjani, nainusa. Mbichi haiwezi kunidanganya.

Ndivyo nilivyodhani.

Mwaka jana tulikuwa na kazi Nyarutarama, mtaa wa matajiri, kwa madamu mmoja anaitwa Liliane. Alikataa mtindo wa mkeka, akakataa wa ngazi, mwisho akachagua mfupa wa samaki: vipande vinaegemeana kama miiba, ncha zote zinatazama mlango.

Kwenye mzigo nikakuta vipande vibichi. Nikavitia msalaba wa chaki mgongoni, kimoja kimoja. Kwetu mafundi, msalaba maana yake usikilaze hiki. Mbao mbichi ikikaukia chini inajikunja, inang'oka kwenye gundi.

Msimamizi wetu, Melchior, gundi hajawahi kuigusa. Kazi yake kukalia kiti.

Jioni mke wangu Mukasine aliona picha ya ile sakafu kwenye simu. Alikuwa na pumu, vumbi la sakafu yetu ya saruji kwetu Rwezamenyo lilimtesa.

"Papa Sangwa," akaniita kwa jina la mwanetu, "na sisi tutakanyaga vumbi mpaka lini?"

Nikameza kiburi, nikamwomba Melchior mabaki.

"Hakuna shida, muzee. Gari itakupelekea. Wewe maliza kazi."

Niliporudi nyumbani nikakuta magunia matatu. Vipande vimepangwa vizuri, vinang'aa, vina majimaji.

"Nimevipangusa," Mukasine akasema, kanga imelowa. "Laza basi!"

Nikainua kimoja. Kizito.

Nikajiambia, ni maji ya kitambaa.

Nikalaza mfupa wa samaki, kama kwa Liliane. Mukasine akavua kandambili, akacheza peku chumba kizima.

Kiangazi kikaingia. Sakafu ikaanza kulia. Kak! Kimya. Kak!

"Nyumba inajivunja vidole," Mukasine akacheka.

Mimi sikucheka.

Kipande kimoja nyuma ya mlango kikaanza kuinua kichwa.

"Mlango unakwama, Papa Sangwa."

"Jumapili nitaranda."

Ijumaa saa kumi nikarudi kazini. Dawa yake ya kuvuta iko sebuleni, juu ya kabati, mahali pake. Mlango wa chumbani umefungwa.

"Mukasine?"

Nikasukuma. Ukaingia upana wa kidole, ukagoma. Kila nikisukuma, ile mbao inazidi kujikaza chini ya mlango.

Jirani yetu Shakira, fundi cherehani, akaja mbio na nyundo. Tukavunja.

Alikuwa amekaa nyuma ya mlango. Mkononi ana kitana, meno yamekatika. Alikuwa anachokonoa ile mbao.

Tulichelewa, ndugu zangu.

Baada ya mazishi niling'oa sakafu yote. Nikageuza vipande, vyote vimejikunja kama makucha. Hakuna hata msalaba mmoja.

"Mwizi amefuta!" Nikashika nyundo. "Leo Melchior atanieleza!"

Shakira akanikamata mkono.

"Oya, Papa Sangwa. Usiende."

"Niachie!"

"Melchior hakufuta. Vipande vilikuja na misalaba yake." Akaanza kulia. "Tulifuta sisi, mimi na mkeo. Mimi nilichota maji."

Nikakaa chini, pale pale kwenye saruji.

"Alidhani ni alama ya vitu vya kutupwa," Shakira akasema. "Aliniambia, mume wangu akiiona atasema wamemtukana, atavirudisha. Kama alivyorudisha godoro alilopewa na bosi. Kama alivyorudisha lile jiko walilompa. Akasema, kila kitu cha wakubwa anakitema, safari hii nataka kukanyaga mbao."

Na kweli ningevirudisha. Kwa matusi.

Melchior simsamehe. Aliiona misalaba, akapakia gari. Hadi leo anakalia kiti chake na hakuna aliyemuuliza.

Lakini wewe unayesoma, hasira zako kwa wakubwa ziache kwenye geti lao. Mimi zangu nilikuja nazo nyumbani kila jioni, mpaka mke wangu akaniogopa kuliko alivyoogopa msalaba.