Siku Niliyonyamaza kwenye Maiki

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, na usicheke nikikuita mwanangu. Najua nina miaka ishirini na saba na elimu yangu iliishia darasa la saba. Lakini kwenye hiyo gemu unayochezaga hapo mimi ni mzee. Nimekufa humo mara nyingi kuliko dagaa wanaoshushwa mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, na mtu aliyekufa hivyo anastahili shikamoo. Marahaba. Sasa weka simu chini kidogo unisikilize.

Tulikuwaga tunachezea kwenye saluni ya kiume ya Mafuru, hapa Musoma mjini, kwa sababu Mafuru alikuwa na waifai. Tulijifanya wateja mpaka vichwa vikaisha nywele. Gemu yenyewe unaijua: vita ya miguu, skwadi ya watu watano, kila mtu na kazi yake, na lida mmoja anayesoma ramani na kusema kwenye maiki nani aende wapi. Lida anakuwaga na nyota ya njano juu ya jina lake. Hiyo nyota, mwanangu, niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka mke.

Na nilijua ni yangu. Kwa kulenga hakuna aliyenifikia. Magesa, bodaboda wa Butiama, alikuwa ananiita Jenerali, na ndugu wawili wa Nyamuswa waliokuwa wanaingia gemu kwa simu wakiwa kwao, wakinisikia tu kwenye maiki wanapata nguvu. Mimi nikazoea kusifiwa kama jogoo anavyozoea paa.

Akaja Nyangeta. Binti wa Suguti, amekuja kukaa kwa shangazi yake ajifunze kushona. Kupiga risasi hajui kabisa, bunduki kwake ilikuwa kama mwavuli, anatembea nayo tu. Siku moja alileta mdogo wake kunyolewa, akasimama nyuma yetu anaangalia tunavyochapwa. Akauliza kwa upole, mbona mnaenda wote upande mmoja kama mbuzi wanaokimbia mvua? Magesa akacheka, akamwambia basi shika wewe. Akashika. Tukashinda, na tangu hapo nyota ikawa yake.

Kumbe yule binti alikuwa anafundisha kwaya kanisani kwao. Akatugawa kama kwaya. Mimi na rashasha yangu nikawa besi: kazi yangu kumimina risasi pale adui alipo, nimpate nisimpate, ili asiinue kichwa. Magesa akawa alto, yeye na mabomu ya moshi. Wale ndugu wa Nyamuswa wakawa soprano, wanazunguka ubavuni wakati adui kajificha. Nyangeta mwenyewe anabaki nyuma na ramani, anahesabu. Alitufundisha jambo moja mpaka tukaliota, kwamba soprano haingii kabla besi haijakaa, na besi hainyamazi mpaka soprano wafike.

Lilikuwa somo zuri. Ndiyo maana liliniuma.

Maana ona: Mafuru alianza kumwekea kile kiti cha kunyolea, kile kinachozunguka. Mimi nakaa kwenye kreti ya soda. Magesa akaacha kuniita Jenerali, akawa ananiita Besi. Nikiua maadui kumi, wanasema Nyangeta katupanga vizuri. Nikifa, wanasema Besi hasikilizi. Nikaanza kuhesabu makosa yake kama mama mkwe. Mara anaongea polepole, mara anakohoa kwenye maiki. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, mimi nikawa naona afadhali chanda chenyewe kikatwe.

Ikafika hiyo Jumapili. Tulicheza na skwadi ya Bunda, na mshindi alikuwa anaenda Mwanza kushindana na wenzetu wa mikoa mingine ya ziwa. Mchana kweupe, saluni imejaa, watu wameacha nywele nusu. Tukawa sare, sisi raundi moja na wao moja, imebaki ya mwisho. Bunda wamejifungia kwenye ghala la mawe juu ya kilima. Mbele ya ghala uwanja mtupu, hata kichaka hakuna.

Nyangeta akapanga. Mimi nipige dirisha bila kuacha, Magesa atupe moshi, ndugu wavuke uwanja. Nikapiga. Moshi ukapanda. Nikawaona wale ndugu wanaanza kukimbia, mkubwa mbele. Na hapo hapo, mwanangu, wazo likanijia, tena taratibu kabisa: akishinda hii, hiyo nyota ni yake mpaka tuzeeke.

Nikainua kidole kwenye kitufe cha risasi.

"Besi," Nyangeta akasema kwenye maiki. Hakupaza sauti. "Besi."

Nikamsikia vizuri sana. Nikaona vichwa viwili vinainuka dirishani, nikakaa kimya. Ndugu wa Nyamuswa walilala katikati ya ule uwanja, na Bunda wakapata nafasi ya kwenda Mwanza.

Nikasema simu imeganda. Nikaigonga mgongoni, nikaitukana, nikaomba chaja. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo yenyewe ikiapa kuwa haina kunguni utafanyaje?

Magesa alivua kofia akauliza nani aliyepanga watu wavuke mahali peupe vile. Nyangeta akajibu, "Mimi. Lida nilikuwa mimi." Akashuka kwenye kile kiti, akaniambia, "Nyota chukua, kaka." Na mimi nikachukua. Hata aibu sikuona. Nilikaa kwenye kiti cha Mafuru nikajizungusha mara mbili.

Basi nikaongoza. Nilikuwa natangulia mbele, nafyatua, najisikia raha, nikigeuka nyuma hakuna mtu. Nauliza nani ananifunika kwa risasi, wananiuliza wewe uko wapi? Ramani sikuwahi kuifungua, nilidhani ni ya waoga. Tulifungwa mpaka na watoto wa shule ya msingi, na walitucheka kwa sauti ambazo hazijavunjika. Magesa akasema bora akabebe abiria. Ndugu wa Nyamuswa wakaacha kuingia kabisa. Na Bunda hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona nani alikuwa anawasumbua, wakamwomba Nyangeta awaongoze Mwanza.

Kabla hajaondoka nilimfuata kwa shangazi yake. Alikuwa kwenye cherehani. Nikazunguka weee, nikauliza hali ya Suguti, hali ya mvua, mwishowe nikasema simu haikuganda.

"Najua," akasema, mguu wake haukuacha kukanyaga. "Besi akiishiwa pumzi nasikia anavyovuta nyingine. Wewe hukuvuta. Ulifunga mdomo tu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya watu.

"Ningesema ungebisha, kaka. Nikaona nikupe nyota, waone wenyewe." Akakata uzi kwa meno. "Ila mimi usiniombe msamaha. Yule mkubwa wa Nyamuswa ameacha kucheza, anasema miguu yake ndiyo ilichelewa. Nenda kamwambie ilikuwa nini."

Nilipanda basi mpaka Nyamuswa. Nilimkuta anafunga ndama. Nikamwambia yote, tena mbele ya mdogo wake. Alikaza kamba mpaka fundo likakaa sawa. Halafu akasema, "Ungeniambia siku ile ningekupiga. Sasa nimechoka tu." Akaniletea kikombe cha maziwa, maana mgeni ni mgeni. Kwenye gemu hakurudi mpaka leo.

Nyangeta alituma picha akiwa Mwanza, kavaa jezi ya Bunda, anacheka. Sitakudanganya, mwanangu: nikiiona bado naanza kuhesabu makosa yake. Wivu ni kama ukoka shambani, unang'oa leo, mvua ikinyesha umerudi. Cha kufanya ni kuamka kila siku na jembe.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukimwona mwenzako anajua kuongoza kuliko wewe, mwambie mapema, hata kama kiburi kinakataa, maana maneno usiyoyasema yanageuka sumu na anayekunywa anakuwaga mtu mwingine kabisa. Ukipewa kazi ya kufunika wenzako, wafunike mpaka wafike, hata kama sifa itaenda kwa mwingine. Kujua kulenga siyo kujua kuongoza: anayelenga anaangalia adui, anayeongoza anaangalia watu wake. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, mtu angali na nguvu ya kukukasirikia. Majuto ni mjukuu, na huyu wa kwangu tayari ameota meno.

Mungu wa baba zetu akupe wenzako wanaokuzidi, na akupe moyo wa kuwafurahia. Popote utakapovuka peupe, awepo wa kukufunika. Na siku zamu yako ikifika, kidole chako kisichoke. Haya, chukua simu yako.