Kiganja Mlangoni mwa Chumba cha Mawe

Mume wangu alikuwa mwashi, na watu walimwita Pimamaji. Mtu anayelaza pimamaji juu ya kitanda, aone kama kiko sawa, kabla ya kulala, utamwita nani? Meza yetu ilikuwa na kibao chini ya mguu mmoja. Ukikisogeza wakati wa kufagia, akirudi anajua kabla hajavua viatu.

"Mama watoto, chai imeegemea upande."

"Basi inywe upande huo huo."

Huyo ndiye mtu ambaye mtaa mzima ulisema aliacha kazi nusu.

Kwenye makaburi ya zamani kuna chumba cha mawe kilichozama nusu ardhini, mali ya familia moja iliyokuwa na uwezo. Tangu enzi za babu zetu, kila kikifunguliwa kuingiza maiti mpya, majeneza ya mwanzo yanakutwa hayapo yalipowekwa. Moja limegeuka, jingine limeegemea ukuta kama mtu aliyechoka kukaa. Mlango mzima, sakafu kavu, nyayo hakuna. Wapo waliosema ni maji ya chini, wapo waliosema ni wezi. Wengi walisema ni pepo. Mimi sijui, na asiyejua mwenzangu asinidanganye.

Mara ya mwisho kukiziba, kazi alipewa Pimamaji. Mchimba kaburi alikuwa mdogo wake, yaani shemeji yangu. Nilikuwepo, niliwapelekea chakula. Mume wangu aliyanyoosha majeneza kwa pimamaji yake, akajenga tofali mlangoni, akaanza kupiga lipu kutoka juu kwenda chini. Akiwa katikati, kitu huko ndani kikasema gu, mara moja tu. Shemeji alitupa jembe akatimua mbio, na ndala moja akaiacha pale pale.

Mume wangu alitazama vumbi la mdogo wake. "Sasa chakula kitatutosha," akasema, akaendelea na lipu.

Alipofika chini kabisa, alinishika mkono, akakikandamiza kiganja changu kwenye lipu mbichi, pembeni. Ndivyo alivyofunga kila kazi yake. Kabla ya kiganja changu, kazi haijaisha.

Shemeji, kwa aibu yake, akaeleza mtaani kwamba walikimbia wote wawili na chini palibaki tundu. Hadithi ikanoga. Watu wakaanza kutafuta mafundi wengine. Nilimwambia mume wangu ajitetee. "Nikagombane na mdogo wangu mbele za watu?" Mimi niligombana kwa niaba yake, sokoni, bombani, hata msibani. Wakanicheka: mke atasema nini tena? Niliwaambia twende tukakitazame kiganja, lakini shemeji alikuwa amerundika udongo mlangoni, na kila aliyeombwa auondoe alikumbuka ana shughuli nyumbani. Mume wangu akafa na lile tundu la watu mgongoni mwake.

Mwaka huu amefariki binti wa mwisho wa ile familia, naye aliomba alazwe mle chumbani karibu na mama yake. Niliposikia, nikavaa viatu vyangu vya kutokea.

"Mama, na hayo magoti?" mwanangu akauliza.

"Magoti ni yangu. Niachie."

Nilimkuta msimamizi wa makaburi na fundi mpya mwenye nyundo. Shemeji naye alikuwepo, amezeeka, kaegemea koleo la watu.

"Shemeji, umekuja kuona mashetani?"

"Nimekuja kukuletea ndala yako."

Fundi alipoinua nyundo nilimzuia. Nikamwambia aondoe udongo kwanza. Msimamizi akasema hakuna haja, wanavunjia juu. Basi nikakaa juu ya ule udongo, nikakunja mikono.

"Bibi, utatuchelewesha."

"Anza na mimi, basi. Nizibe humo humo."

Aliyesogea ni shemeji. Alianza kuuondoa udongo, koleo kwa koleo, anapumua kwa shida. Lipu ikajitokeza, laini, haina ufa, mpaka chini kabisa. Pembeni kulikuwa na kiganja. Nikapiga magoti, nikaweka mkono wangu. Kidole cha mwisho siku hizi hakinyooki, lakini vingine vilirudi mahali pake.

Shemeji aliinama. "Mkono wako ulikuwa mdogo hivi?"

"Ulikuwa."

Akawageukia wenzake. "Kaka alimaliza kazi yake. Aliyekimbia ni mimi, peke yangu."

Fundi alivunja kutoka juu, akakiacha kile kipande cha chini. Tukachungulia. Majeneza yalikuwa yamekaa hovyo, moja limempa mwenzake mgongo.

"Lakini mlango ulikuwa mzima," msimamizi akasema.

Shemeji alitazama ndala zake, ila safari hii hakutimua mbio.

"Una pimamaji?" nikamuuliza fundi.

"Ninayo, bibi."

"Yanyooshe."

"Si yatasogea tena?"

"Hiyo shauri yao. Wewe nyoosha."

Akaingia, na shemeji akaingia nyuma yake kumshikia upande wa pili.