Siku Nilipojipigia Kengele ya Harusi

Mkasa huu sikutaka kuusimulia kamwe, lakini kwa kuwa mke wangu anausimulia kila penye wageni, na kila mara ananiongezea kuku mmoja, afadhali muusikie kutoka kinywani mwangu: mimi ndiye niliyeukimbiza mtaa mzima mchana kweupe, kisha nikakimbia nao.

Ilikuwa wakati wa vita, wakimbizi wa kambi ya Kanyaruchinya wanateremka Goma kila siku na magodoro kichwani, na mimi, kijana wa Butembo niliyenyoa ndevu mara mbili asubuhi hiyo, nilikuwa na vita vyangu mwenyewe: baba yake Furaha, mchumba wangu, alikuwa bado hajasema ndiyo. Muzee alikuwa amekimbia Masisi na familia yake, na sasa alikuwa mtunzaji wa kanisa dogo la zamani katikati ya mji, la mawe meusi ya volkano, lililobanwa kati ya majengo mapya ya vioo. Furaha akanitumia ujumbe: njoo ulione kanisa, papa (ndivyo tunavyomwita baba huku) anapenda mtu anayelipenda kanisa lake. Jamani, nilifika saa nzima kabla!

Na kanisa lenyewe likanishinda. Ndani palikuwa na ubaridi mtamu, madawati yamelainishwa na makalio ya mababu (Mungu anisamehe), na ukutani majina ya waashi yamechongwa kwa mkono. Muzee akanionyesha jiwe moja moja, Furaha nyuma yetu, mimi nikishangaa kwa sauti, nusu kwa kweli na nusu kwa kutafuta mke, mpaka akacheka na kunishika bega. Nikajua leo napewa.

"Mutoto yangu, ngoja hapa," akasema. "Niende na Furaha nyumbani kuleta ufunguo, nikuonyeshe vitabu vya ndoa vya zamani."

Vitabu vya ndoa! Mlishawahi kuona dalili nzuri kuliko hiyo? Wakatoka, nikabaki mimi na kamba ya kengele.

Mjue kwamba kwetu Butembo nilikuwa mpiga kengele wa parokia, miaka mitano, na kwetu harusi inapigiwa kengele ya mbio, haraka haraka mpaka mikono iume. Nikajiambia nipige kidogo tu, Furaha asikie huko aliko ajue ninawaza nini. Kidogo! Nikavuta mara tatu, kengele ikaitika kwa sauti ambayo sikuitegemea kwa kanisa dogo namna ile, furaha ikanipanda, nikavua koti, nikavuta kwa mikono miwili huku naimba.

Nilipoacha, nikasikia kelele nje. Nikadhani wananishangilia. (Ndiyo, nilidhani hivyo, chekeni.) Nikatoka natabasamu, nikakuta barabara imejaa watu wanaokimbilia mpakani, mabeseni, magodoro, kijana anasukuma chukudu, kile kigari chetu cha mbao, na juu yake kabati zima, na mama mmoja akanisukumia kuku wawili mikononi.

"Shika, papa, nibebe mutoto! Kimbia!"

"Kuna nini, mama?"

"Waasi bamefika! Haukusikia kengele?"

Niliisikia kuliko mtu yeyote Goma! Lakini kabla akili haijaunganisha mambo, miguu ilikuwa imeshaondoka, mimi huyo na kuku wangu, nikawapita hata vijana wenye viatu vya mpira. Sikumkumbuka muzee. Sikumkumbuka Furaha.

Karibu na mpaka ndipo muzee alipotufikia, juu ya pikipiki, ufunguo mkononi, anapaza sauti: "Rudini! Hakuna kitu! Rudini!" Akashuka mbele yangu, akatazama kuku, akanitazama bila koti.

"Ni weye ulipiga?"

"Ni mimi, papa."

"Hapa kengele ya mbio ni ya kukimbia. Tulipatana hivyo na mtaa muzima." Akanyooshea kuku kidole. "Na binti yangu, haukumukumbuka?"

Nikageuka kumtafuta. Kando ya barabara bibi mmoja alikuwa amekaa chini, miguu imevimba, analia, maana vita vilishamkimbiza mara tatu mwaka ule, na mara hii ya nne nimemkimbiza mimi. Hapo niliona aibu ya kweli, si ile ya kuchekwa.

Nikamrudishia mama kuku wake, nikambeba bibi mgongoni mpaka kwake, nikarudi kubeba magodoro ya watu, nikibisha mlango kwa mlango, "Samahani mama, ni mimi," hadi jioni, na matusi niliyopewa siwezi kuyarudia. Muzee alinifuata hatua chache nyuma.

Kwenye ngazi za kanisa tukamkuta Furaha amekumbatia sufuria. Nikapiga magoti.

"Nisamehe, nilikimbia bila wewe."

Akaitazama sufuria. "Miye pia. Nilifika mpaka mtaa wa Mapendo na haya maharage. Sikukukumbuka hata kidogo."

Muzee akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi muoane, muko sawasawa," akasema. "Lakini ile kamba, usiiguse tena."

Sijaigusa, wala sitaigusa. Hata kengele ya baiskeli siipigi. Ya harusi yetu aliipiga muzee mwenyewe, baada ya kuzunguka mtaa siku mbili akieleza kwamba kengele ya Jumamosi ni ya ndoa, asikimbie mtu. Wote wakamjibu, ndiyo papa, tumeelewa. Na wote walikuja, wamependeza kwa vitenge, wakaimba na kupiga vigelegele, ila nje, kwenye ukuta ule wa mawe meusi, walikuwa wameegemeza magodoro yao.