Njia ya Kwenda kwa Dobi

Hospitalini walimwita Dobi, na jina lilimkaa sawasawa. Miaka ishirini na saba alikuwa kwenye chumba cha kufulia, kumi ya mwisho akiwa msimamizi: mashine sita zinazonguruma kama zina ugomvi, mvuke unaomtoa mtu jasho kabla hajagusa kitu, na mikokoteni ya mashuka inayoingia na kutoka mchana kutwa. Wafanyakazi wapya walimwogopa. Wa zamani walijua kwamba akikusema, atakusema usoni, na yakiisha yameisha.

Kumbe lipo jambo moja ambalo kwake halikuisha.

Mama yake alipigwa na kiharusi wakati wanaishi kwenye nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili, jengo lisilo na lifti. Mkono na mguu wa kushoto vikafa. Kuanzia hapo bibi yule alikuwa akishuka chini mara moja kwa mwezi tu, siku ya kliniki, akiwa amebebwa na vijana wa jirani. Siku nyingine zote alikaa dirishani akitazama bati la jengo la pili. Dobi akajiapiza: kabla mama yake hajaondoka duniani, atakaa kwenye baraza lake mwenyewe.

Ilimchukua miaka minne kuipata nyumba. Vyumba vitatu, baraza pana, milango isiyo na kizingiti. Ilikuwa nyuma ya nyumba ya mtu mwingine, na kutoka barabarani kulikuwa na njia ya udongo ulioshindiliwa, gari dogo linapita bila shida. Siku ya kwenda kuiangalia Dobi hakuanza na jiko wala choo. Alikwenda na kiti cha magurudumu kitupu, akakisukuma njia nzima, akageuka, akakirudisha. Dalali akabaki mdomo wazi.

Wenzake kazini wakamwelekeza kwa wakili mmoja wa mambo ya ardhi. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vifaa vya umeme. Vyeti ukutani, kiti cha kuzunguka, majalada yamerundikwa mpaka sakafuni. Dobi alimweleza habari zote, kisha akamuuliza swali moja lililokuwa likimkera rohoni.

“Ile njia ni ya nani? Iko kwenye hati ya nyumba, au watu wanapita tu?”

Wakili akatabasamu kama mtu anayembembeleza mtoto. “Mama, hizo ndizo kazi zangu. Nitapekua ofisi ya ardhi, nitasoma ramani, nitawaandikia majirani. Wewe nenda ukachague mapazia.”

Dobi akaondoka. Ndiyo maana ya kuwa na wakili, alijiambia. Mtu amesomea, mwache afanye. Kila alipopiga simu, karani alimjibu kwamba jalada liko mezani kwa bosi. Mwezi wa tatu akaitwa kutia saini. Akauliza tena habari ya njia, akaambiwa kila kitu kiko sawa. Akasaini, akakabidhiwa funguo, akahama.

Siku ya kwanza barazani mama yake aliomba kiti kisogezwe mpaka ukingoni. Kisha akaanza kuwasalimia wapita njia, hata wale walio mbali wasioweza kumsikia.

Miezi saba walikaa kwa raha. Asubuhi moja Dobi akakuta mchanga na matofali yamemwagwa njiani. Jirani wa mbele, mwalimu mstaafu wa useremala, mtu mrefu asiyecheka ovyo, alikuwa amesimama na mafundi akiwaonyesha bikoni, yale mawe ya saruji ya mpaka. Ukuta ulikuwa unapita katikati ya njia.

Dobi akamuuliza kulikoni. Mwalimu akasema kiwanja ni chake mpaka kwenye bikoni, na anajenga.

“Niliandika barua kwa wakili wako, dada. Niliandika kabla hujanunua. Hakuna aliyenijibu.”

“Mwongo,” Dobi akamwambia, mbele ya mafundi wote.

Mwalimu akamgeuzia mgongo, akawaambia mafundi waendelee.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku ya kliniki. Ukuta ulishafika kiunoni, na upenyo uliobaki ulimtosha mtu mmoja aliyesimama wima. Kiti hakikupita. Wafanyakazi wawili wa chumba cha kufulia wakaja kusaidia, wakamnyanyua bibi juu juu, wakampitisha juu ya matofali kama gunia. Nguo yake ikapanda mpaka juu ya magoti. Mwanamke aliyejisitiri maisha yake yote, akahangaika kuishusha kwa mkono mmoja ulio mzima, na mkono haukufika. Alifumba macho tu.

Hapo ndipo hasira ya Dobi ilipozaliwa.

Alichukua likizo, akaenda ofisini kwa wakili. Wakili akamwambia hayo ni mambo ya ujirani, wakae wayazungumze. Dobi akaomba jalada lake. Akaambiwa aje wiki ijayo. Hakungoja wiki ijayo. Alikuja kesho yake, na keshokutwa, akakaa kwenye benchi la mapokezi tangu mlango unapofunguliwa mpaka unapofungwa. Wateja wengine walipomuuliza anasubiri nini, aliwaeleza, kwa sauti ya kawaida, yote. Wawili wakaondoka bila kumwona wakili.

Siku ya tatu wakili alikuwa mahakamani. Karani, sijui ni kwa hofu au kwa haya, akatoa jalada akamwekea mapajani.

Ramani ya upimaji ilikuwa ndani, imekunjwa vilevile ilivyotoka ofisi ya ardhi, mikunjo haijavunjwa. Chini yake kulikuwa na bahasha. Jina la mwalimu nyuma, muhuri wa kupokelewa mbele, tarehe ya wiki tisa kabla ya kutia saini. Gundi haijaguswa.

Dobi hakuifungua. Alikaa nayo mpaka wakili aliporudi, akamfuata chumbani kwake bila kukaribishwa, akaiweka mezani.

“Ifungue.”

“Mama, tukae kwanza...”

“Ifungue unisomee.”

Wakili akaifungua. Alisoma mistari miwili kwa sauti, iliyobaki akaisoma kimya, na Dobi akaitoa mkononi mwa wakili akamalizia mwenyewe. Mwalimu aliandika kwa adabu kwamba njia ipo ndani ya kiwanja chake, kwamba alimruhusu mwenye nyumba wa zamani kwa ujirani tu, kwamba anakusudia kujenga ukuta. Na kama mnunuzi anaihitaji njia, aje waandikishane, yeye hana kinyongo.

Basi. Kikao kimoja tu kingemaliza yote.

“Ofisi ina kazi nyingi, mama. Lakini bado tunaweza kumbana huyu jirani. Nitamwandikia barua kali.”

“Nilikuuliza swali moja,” Dobi akasema. “Sikukuuliza mawili. Ukanituma kwenye mapazia, na mama yangu anapitishwa ukutani mapaja nje. Usimwandikie mtu yeyote barua kwa jina langu tena.”

Akamfanya karani aorodheshe kila karatasi na kugonga muhuri, akaondoka na jalada kwapani. Jioni ile alikwenda kwa mwalimu akamwomba radhi mbele ya mkewe. Mwalimu aliisoma barua yake mwenyewe, akatikisa kichwa kwa uchungu. Naye alikuwa na hasira zake: alidhani amedharauliwa.

Wakili wa pili alikuwa binti mwembamba aliyekuja amevaa buti za mpira, na ramani na futi ya fundi mkononi. Alitembea njia yote, akahesabu bikoni, akawasikiliza wote wawili, ndipo akakaa kuandika. Haki ya njia ikaandikishwa kwenye hati zote mbili. Ukuta ukabomolewa, ukajengwa upya hatua nne ndani ya kiwanja cha mwalimu.

Dobi hakuishia hapo. Alipeleka malalamiko chama cha mawakili, na kila kikao alihudhuria, hata vile vilivyoahirishwa. Mwaka ulipokaribia kwisha wakaamua: wakili alizembea, alipe gharama zote za ukuta na njia, na asimamishwe kazi miezi sita. Nje ya chumba wakili akamnyooshea mkono, akasema anasikitika kwa usumbufu mdogo uliojitokeza. Dobi aliutazama ule mkono mpaka ukashuka wenyewe.

Mama yake humwambia aachane na hasira ile, amekonda bure. Dobi huitikia, “Sawa, mama,” akaendelea kusukuma kiti. Ile ofisi imefunguliwa tena. Iko kwenye barabara ya kwenda kliniki, na Dobi huzunguka mtaa wa nyuma, mwendo wa robo saa zaidi. Anayemuuliza sababu humjibu kwamba bado hajiamini kupita mlangoni pale na hasira aliyonayo.